Hela ya Ufundi: Historia ya Bei ya Matengenezo ya Vyombo vya Nyumbani Afrika Mashariki

Swali la mteja wa mjini kwa fundi wa friji au wa redio, awe Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, huwa ni moja, kwamba kutengeneza ni bei gani; lakini jibu lake limefunga pamoja bei tatu. Ya kwanza ni bei ya kuangalia, yaani malipo ya kufungua chombo na kuutafuta ugonjwa wake. Ya pili ni bei ya kifaa, yaani spea itakayotiwa mahali pa ile iliyokufa. Na ya tatu ni hela ya ufundi, ambayo Nairobi huitwa leba, yaani malipo ya mkono na maarifa ya mtengenezaji. Katika hizo tatu, ni ya pili tu inayoonekana kwa macho. Kifaa hushikika, na bei yake yaweza kuulizwa katika duka la jirani, lakini ugonjwa ukishapona hauonekani tena, na maarifa hayakuonekana tangu mwanzo. Historia ya bei ya matengenezo katika ukanda huu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya namna bei mbili zisizoonekana zilivyokwenda kujificha ndani ya ile moja inayoonekana, na manung'uniko ya kale ya wateja kwamba mafundi ni waongo hueleweka vizuri zaidi yakisomwa kwa njia hiyo kuliko yakichukuliwa kuwa ni habari ya tabia za watu peke yake.

Neno lenyewe, fundi, lina umri mkubwa kuliko vyombo vinavyotengenezwa leo, na katika matumizi ya pwani halikumtaja mrekebishaji wa vitu vibovu bali mtu yeyote aliyebobea katika kazi yake: mwashi wa nyumba za mawe, mhunzi, seremala wa milango ya nakshi, mshonaji wa kofia na kanzu, hata kiongozi wa ngoma. Malipo ya mtu kama huyo hayakuwa bei moja iliyotajwa mwanzo ikafungwa. Yalianza kwa arubuni, neno lenye asili ya Kiarabu linalotaja fedha ya kutangulizwa ili mapatano yashike, na yakaishia kwa kilemba, ambacho kwa asili ni kitambaa cha kuvaa kichwani lakini kwa desturi kikawa jina la zawadi au ada apewayo fundi kazi inapokamilika, au mwalimu mwanafunzi wake anapohitimu. Kilemba kilikuwa ni heshima iliyovaa sura ya malipo, na ndicho kilichoyapa maarifa mahali pake penyewe katika hesabu, mbali na gharama ya mbao au chokaa. Si jambo dogo kwamba katika Kiswahili cha biashara cha leo neno hilohilo linataja fedha anayotoa mpangaji ili kupata chumba cha duka. Fundi wa Kariakoo wa siku hizi huenda asipewe kilemba na mteja hata mmoja, ilhali yeye mwenyewe alikitoa kabla hajaweka meza yake.

Wanazuoni wa pwani walikuwa na istilahi kamili za jambo hili. Fikihi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, hutenganisha ijara, yaani mkataba wa kukodi kazi au manufaa ambao sharti ujira na kazi vyote vijulikane, na jaala, yaani ahadi ya malipo kwa atakayefikisha jambo fulani, ambayo yakubalika hata kama ukubwa wa kazi haujulikani, lakini mtendaji hapati kitu mpaka atimize. Anayesoma tofauti hiyo akiwa na friji bovu mawazoni ataona mara moja kwamba mzozo wa bei ya kuangalia umo humo: fundi anayedai malipo ya kuangalia anasimama katika ijara, kwa kuwa ametoa kazi, na mteja asemaye kwamba hatalipa kwa sababu chombo hakikupona anasimama katika jaala, kwa kuwa aliahidi malipo ya matokeo, na hakuna kati yao aliyetamka mapema ni mkataba upi.

Kitabu cha Minhaj cha Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham wa karne ya 13 ambaye maandishi yake yalitegemewa sana na makadhi wa Afrika Mashariki, kinaligusa suala hili kwa mfano wa mtu anayempa dobi nguo afue, au mshonaji kitambaa ashone, pasipo kutaja ujira. Kauli iliyotangulizwa humo ni kwamba mtendaji hana ujira wowote. Kauli ya pili humpa ujira. Na ya tatu hutofautisha, kwamba akiwa ni mtu ajulikanaye kwa kazi hiyo basi anastahili, na asipojulikana nayo hastahili, na Nawawi anadokeza kuwa kauli hii ya mwisho yaweza kupendelewa. Pale ambapo ujira umethibiti na kiasi hakikutajwa, kipimo ni ujira wa mithili, yaani kile ambacho mtu wa kazi kama hiyo, mahali kama hapo, angelipwa. Kipimo hicho ndicho kinachokaribia zaidi wazo la bei ya haki katika utamaduni wa pwani, nacho kina sharti moja zito: wenye kazi hiyo wawe wengi kiasi cha kulinganishwa, na kazi zao zifanane.

Utawala wa Kiingereza ulileta sheria nyingine juu ya hii, na kwa mzunguko wa ajabu kidogo, kwa kuwa haikutoka Uingereza moja kwa moja bali ilipitia Bara Hindi. Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilitumika katika nchi za ukanda huu kwa miongo kadhaa, na Tanganyika iliipokea mwaka 1920 pamoja na sheria nyingine za India. Hata ilipotunga sheria yake yenyewe mwaka 1961, mfumo wake ulibaki uleule. Sheria hiyo inampa aliyeitia kazi au ustadi mali ya mwenzake haki ya kuizuia mpaka alipwe ujira unaostahili, na waandishi wake waliifafanua kwa mifano miwili: sonara aliyepewa almasi ghafi aichonge anaweza kuizuia mpaka alipwe, lakini mshonaji aliyekubali kukopesha bei ya koti kwa miezi mitatu hawezi kulizuia koti likiisha. Fundi wa mtaani anayekataa kuachia redio kabla ya kulipwa anasimama juu ya msingi huohuo, ajue au asijue, ingawa sheria hiyo haikumsaidia neno juu ya swali gumu zaidi, yaani kiasi gani ndicho kinachostahili.

Vyombo vya kwanza vya chuma vilivyoingia majumbani kwa wingi vilikuwa cherehani, saa, taa ya karabai na jiko la stovu, na kwa namna ya kipekee stovu ya Primus, iliyobuniwa na Msweden Frans Wilhelm Lindqvist mwaka 1892. Jiko hili linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu bei ya matengenezo yake ilikuwa karibu wazi kabisa. Lina tangi la mafuta ya taa, pampu ya kusukuma upepo, na tundu dogo mno ambalo mafuta yaliyopata moto hutokea yakiwa mvuke. Magonjwa yake ni machache. Tundu likiziba kwa masizi huzibuliwa kwa sindano nyembamba. Washa ya ngozi iliyo mwisho wa pampu ikikauka, pampu haishiki upepo, na dawa ni kuilainisha kwa mafuta au kuibadilisha. Tangi likitoboka huzibwa kwa risasi, yaani yale madini laini yanayoyeyushwa kwa chuma cha moto ili kuunganisha bati. Kazi hiyo yote ilifanyika barazani, mbele ya mwenye jiko, naye aliona mwenyewe ngozi iliyokauka ikitoka na ngozi mpya ikiingia, kisha akaona moto wa buluu. Hapakuwa na bei ya kuangalia kwa kuwa kuangalia kulikuwa kwa wote wawili. Wazee wanaokumbuka uaminifu wa mafundi wa zamani huenda wanakumbuka, pamoja na uaminifu huo, ule uwazi wa jiko lenyewe.

Redio iliuvunja uwazi huo. Mwaka 1951 Dar es Salaam na Unguja zote zilianza kurusha matangazo yao, na katika mwongo uliofuata redio za transista, ndogo na zenye kutumia betri kavu, zilianza kuchukua nafasi ya zile kubwa za valvu. Valvu, yaani chupa ya kioo iliyochomekwa kama taa, iliweza kuchomolewa na kupimwa peke yake, na ikifa mara nyingi hudhihirika kwa kutowaka. Transista imechomelewa ndani ya saketi na haioneshi dalili yoyote ikiwa imekufa. Kuanzia hapo ugonjwa wa chombo ukawa siri ya aliyekifungua. Mafundi wengi wa kwanza wa Kiafrika walijifunza kazi hii wakiwa wasaidizi katika maduka ya Wahindi, ambako ufundi na uuzaji wa redio vilikaa chini ya paa moja, na huko ndiko walikoona kwamba hesabu ya mteja huandikwa kwa majina ya vifaa: kapasita moja, waya, spika. Mteja aliyekuwa tayari kulipia kapasita bila kunung'unika aling'aka alipotajiwa malipo ya saa mbili za kuitafuta kapasita hiyo.

Kipindi kilichoimarisha desturi hii kuliko kingine chochote ni kile cha uchumi wa dola nchini Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma, na katika miaka ya 1970 kulikuwa na shirika mahususi la vyombo vya nyumbani na baiskeli, lililojulikana kwa kifupi cha DABCO. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Taifa ya Bei, ambayo ilipanga bei za maelfu ya bidhaa kwa kanuni ya gharama na nyongeza, maana yake ni kwamba mzalishaji au mwagizaji alionesha gharama zake na kuruhusiwa faida ya kiasi juu yake. Kanuni hiyo ilifaa kitu chenye ankara. Fundi hakuwa na ankara ya maarifa yake. Bei ya betri na ya redio mpya iliweza kutangazwa, lakini bei ya kuifufua redio iliyokufa ilibaki kati ya watu wawili na meza moja.

Nusu ya pili ya miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, fedha za kigeni zilipokauka baada ya kupanda kwa bei ya mafuta, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na vita vya Kagera, vyombo vipya vikawa adimu madukani na spea zikawa adimu zaidi. Hapo bei ya matengenezo ikapoteza dari lake. Kwa kawaida hakuna mtu anayelipa kutengeneza pasi zaidi ya bei ya pasi mpya, lakini pasi mpya isipopatikana, bei ya kutengeneza haina cha kuipimia. Spea ziliuzwa kwa ulanguzi, yaani nje ya bei iliyopangwa, na vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983 viliwafanya wenye bidhaa wazifiche au wazitupe. Fundi wa wakati huo alipaswa kuwa mbunifu: kusuka upya waya wa mota, kuchonga gia, kung'oa kifaa katika chombo kimoja ili kukitia kingine. Ubunifu huo ulikuwa ndio kilele cha ufundi wa ukanda huu, na ajabu yake ni kwamba bado uliuzwa kwa jina la kifaa, kwa sababu mteja alikwisha kuzoea kuwa adimu ni kitu, wala si akili.

Kenya ilipita njia tofauti, ingawa ilifika karibu na palepale. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini humo ndiyo iliyoieneza duniani istilahi ya sekta isiyo rasmi, na mafundi waliofanya kazi nje bila paa wakapata jina la jua kali, ambalo serikali nayo ililikubali katika miaka ya 1980, Rais Daniel arap Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji na kuahidi vibanda. Kibanda kilimpa fundi kivuli na anwani, na anwani ina thamani katika bei, kwa sababu mteja anayejua pa kurudi hukubali kulipa zaidi.

Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi milango ikafunguka zaidi, hata kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 orodha ya bidhaa zenye bei ya kupangwa ilikuwa imebaki fupi. Wafanyabiashara wa Unguja na Kariakoo walikwenda Dubai wakarudi na friji, feni na televisheni, mpya na zilizotumika. Unguja ilikuwa na kituo chake cha televisheni tangu miaka ya 1970, kwa hiyo mafundi wake waliitangulia Bara kwa karibu miaka 20, maana huko vituo vilianza mwaka 1994. Dari la bei likarudi, na safari hii likashuka mwaka hata mwaka: kadiri chombo kipya cha bei nafuu kilivyozidi kupatikana, ndivyo nafasi ya hela ya ufundi ilivyozidi kubanwa kati ya bei ya spea na bei ya kitu kipya.

Friji ndiyo inayoonesha mbano huo waziwazi. Tiba inayouzwa zaidi mitaani ni kujaza gesi, na maneno hayo humfanya mteja adhani kwamba gesi ya friji huisha kama mafuta ya gari. Gesi haiishi. Mfumo wa friji ni bomba lililofungwa pande zote, na gesi ikipungua maana yake ni kwamba bomba limetoboka mahali. Fundi anayefuata taratibu huanza kwa kutafuta tundu, akijaza naitrojeni kwa msukumo na kupaka povu la sabuni kwenye maungio mpaka aone kiputo kikivimba, akalichomea tundu hilo, akabadilisha draya, yaani kichujio kidogo cha shaba kinachonyonya unyevu, akavuta hewa yote kwa pampu, ndipo akapima gesi kwa mizani, kwa kuwa friji ya nyumbani hubeba gramu 100 na ushee tu, na zile za gesi ya R600a mara nyingi hubeba pungufu ya hapo. Fundi wa pili huunganisha mpira, husikiliza sauti ya kompresa, hutia gesi mpaka bomba la kurudia lipoe, na kuondoka baada ya dakika 20. Jioni ya siku hiyo friji zote mbili zinagandisha barafu. Mteja wa fundi wa pili amelipa kidogo, anaona jirani yake ameibiwa, na hataujua ukweli mpaka wiki kadhaa zipite na barafu iwe maji.

Jambo hilo lilizidi kuwa gumu kwa sababu gesi zenyewe zilibadilika. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni, iliiondoa polepole gesi ya R12 iliyokuwa katika karibu friji zote za zamani, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kumaliza matumizi yake ifikapo 2010. Gesi ya R134a iliyochukua nafasi yake haielewani na mafuta ya kompresa ya R12, na R600a hushika moto. Fundi asiyezitofautisha aweza kuipoza friji leo na kuiua kompresa baada ya miezi, na bei yake itakuwa ndogo kuliko ya mwenzake aliyesomea jambo hilo. Ujira wa mithili, kipimo kile cha makadhi, unakwama hapa, kwa sababu kazi mbili zinazoitwa kwa jina moja hazifanani hata kidogo, na soko huzilinganisha kwa jina.

Vyeti vingetarajiwa kuziba pengo hilo. Mitihani ya ufundi ya madaraja matatu, ambayo nchini Tanzania iliangukia mikononi mwa VETA, mamlaka ya elimu ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ilimpa aliyeajiriwa msingi wa kudai mshahara; lakini mtaani cheti hukaa kabatini, na kinachomthibitisha fundi ni maneno ya mteja aliyetangulia. Mahali pake desturi imezaa ushahidi wake yenyewe, nao ni kumrudishia mteja kifaa kibovu. Kapasita iliyovimba au relei iliyoungua inayotiwa katika mfuko mdogo wa plastiki na kukabidhiwa pamoja na chombo ni risiti ya aina yake, na mteja mzoefu huidai kabla ya kulipa. Ni ushahidi wenye kasoro, kwa maana hakuna anayeweza kuapa kwamba kapasita ile ilitoka katika friji ile, lakini unaonesha jinsi pande zote mbili zinavyoendelea kukitegemea kitu kinachoshikika.

Katika televisheni za bapa mambo yamegeuka tena. Chombo kimekuwa bodi tatu au nne, na kazi nyingi imekuwa ya kujua bodi ipi imekufa na kuibadilisha nzima, kazi ya dakika chache inayotanguliwa na upimaji wa saa nzima. Kutafuta ugonjwa sasa ndio ufundi wenyewe, na ndiyo maana maduka mengi ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue jijini Nairobi yameanza kutoza bei ya kuangalia kabla ya kugusa bisibisi, na kuikata katika jumla iwapo mteja atakubali kutengeneza. Utaratibu huo, ambao wengi huuona mpya na wa kikatili, kwa hakika unarudisha mezani swali la ijara na jaala, na kulijibu mapema, jambo ambalo mdomo wa barazani haukulifanya.

Mteja asiyekubaliana na bei ana njia moja ambayo haihitaji maneno, nayo ni kutorudi. Karakana za ukanda mzima zina rafu ya vyombo vya namna hiyo, kila kimoja na karatasi iliyobandikwa jina na namba ya simu, na mara nyingi ukutani pana kibao kinachotangaza kuwa mali isiyochukuliwa kwa miezi mitatu itauzwa kufidia gharama. Kenya ina sheria kamili ya mali zisizochukuliwa, inayomruhusu aliyezipokea kuziuza baada ya kumwarifu mwenyewe kwa taratibu zilizowekwa. Kwa kawaida, hata hivyo, chombo hicho hakiuzwi kizima. Hufunguliwa kidogo kidogo: leo swichi, wiki ijayo spika, mwezi ujao transfoma, na kila kimoja hutiwa katika chombo cha mteja mwingine, ambaye hutajiwa bei ya kifaa na kuilipa bila kuuliza kimetoka duka gani.